Starlet inapogoma: soma dalili kabla ya kununua spea

Toyota Starlet ya mwisho, ile ambayo mafundi huiita EP91, ilitengenezwa hadi 1999, mwaka ambao Vitz ilichukua nafasi yake. Ile iliyoitangulia, EP82, ilianza mwishoni mwa 1989. Hii ina maana kwamba hata Starlet changa kuliko zote zinazotembea leo Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi imeshapita robo karne, na imepita katika mikono ya wamiliki na mafundi ambao hakuna aliyeandika walichokifanya. Nyingi kati yake zina injini ya 4E-FE: silinda nne, ujazo wa 1,331 cc, vali 16, bloku ya chuma, hedi ya alumini na mfumo wa nozeli badala ya kabureta. Mwongozo huu unaihusu injini hiyo, na mengi humu yanafaa pia kwa Corolla na Corsa za enzi hizo zenye injini za familia hiyo.

Gari hili si gumu. Ukifungua boneti mkono unaingia, na boti nyingi zinafunguka kwa spana namba 10, 12, 14 na 17. Shida yake ni kwamba uzee huleta hitilafu kadhaa zinazofanana kwa sura, kisha mwenye gari anaanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha, na kila spea ya mtumba anayoifunga inaingia na ugonjwa wake. Ninashikilia utaratibu mmoja: chanzo cha bei ndogo kipimwe na kuondolewa shaka kwanza, na hakuna spea inayonunuliwa kabla kipimo hakijaitaja. Kwa kazi hiyo unahitaji multimita ya kawaida, taa, kipande cha waya na subira.

Gari haliwaki

Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya: stata kushindwa kuzungusha injini, na injini kuzungushwa vizuri lakini isishike. Ni matatizo mawili tofauti na hayana chanzo kimoja.

Stata ikizunguka kwa uzito, au taa za dashibodi zikafifia unapowasha, pima betri ikiwa imepumzika usiku kucha. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imeisha. Kisha mtu apige stata wakati mita ikiwa bado kwenye vichwa vya betri. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alteneta haichaji, na kununua betri mpya ni kuahirisha tatizo kwa siku chache tu.

Kabla ya kulaumu betri, hata hivyo, pima waya wa eathi, ule unaounganisha kichwa hasi cha betri na chuma cha gari na injini. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha bloku ya injini, kisha mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Mzee mmoja jirani yangu, anayeishi karibu na bahari, alikuwa amebadilisha betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Tulipofungua boti ya eathi kwenye gia boksi tulikuta kichwa cha waya kimevaa unga wa kijani, na nyuzi za shaba zilizoingia ndani yake zilikuwa nyeusi, zikikatika zilipokunjwa kwa kidole. Tulikata sehemu iliyooza, tukafunga kichwa kipya, tukapiga msasa chuma kilichokuwa chini yake mpaka kikang'aa, na stata ikazungusha injini kwa betri ileile aliyokwisha kuipangia safari ya kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Pwani, waya huu ukaguliwe kila mwaka.

Ukisikia mlio mmoja mkavu, "tak", kisha kimya, huku taa zikibaki na nguvu, mara nyingi ni vipande viwili vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi ya stata ambavyo vimelika. Dalili yake ya pekee ni kwamba ukiwasha mara ya tatu au ya nne inakubali. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na fundi umeme wa magari huvibadilisha bila kugusa sehemu nyingine ya stata. Kwa gari la otomatiki, jaribu pia kuwasha gia ikiwa kwenye N. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, kagua swichi ya gia kabla ya kushusha stata.

Injini ikizunguka vizuri bila kushika, angalia mambo matatu: cheche, petroli na mkanda wa taimingi. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini na mtu apige stata; cheche iwe ya buluu na yenye sauti. Fanya hivyo mbali na petroli iliyomwagika, na ushike waya kwa kitu kisichopitisha umeme. Kuhusu petroli, usitegemee kusikia pampu unapofungua ufunguo hadi ON, kwa sababu katika Toyota hizi kompyuta ya injini huiruhusu pampu pale tu injini inapozungushwa. Sikiliza kwenye mdomo wa tangi, au bonyeza mpira wa petroli uhisi kama unakaza, wakati stata inapigwa.

Kama stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kana kwamba injini haina mzigo, shuku mkanda wa taimingi. Kwa injini zenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, ukaguzi ni rahisi: fungua kofia yake, mwenzako apige stata, uangalie rota. Rota isipozunguka, mkanda umekatika; usiendelee kupiga stata. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na magari mengi yaliyotoka Japani yana kibandiko ndani ya chumba cha injini chenye maandishi ya Kijapani na namba ya kilomita ambayo mkanda ulibadilishwa. Kama kibandiko hakipo na mwenye gari wa awali hakumbuki, hesabu kwamba muda wake umefika.

Injini inachemsha

Hapa ndipo injini nyingi za 4E-FE hufia, kwa kuwa hedi ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma hujikunja ikizidiwa na joto, na hedi iliyojikunja haizibi tena hata ukiifungia gasketi mpya. Mshale ukipanda kuelekea alama ya H, simamisha gari na uzime injini. Dakika tano za kujikaza ufike nyumbani zinaweza kukugharimu injini.

Swali la kwanza ni wapi linachemsha. Linalochemsha kwenye foleni na kupoa likitembea lina tatizo la feni, kwa maana upepo wa mwendo unafanya kazi ambayo feni imeshindwa. Linalochemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, na kutulia kwenye foleni, lina tatizo la mzunguko wa maji au presha: rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, mpira wa chini unajikunja kwa kunyonywa, au kifuniko hakishiki.

Kwa feni, Toyota nyingi za miaka ile zina swichi ya joto inayofanya kazi kinyume na inavyodhaniwa: ikiwa ya baridi imeunganika, na ikifika karibu nyuzi 93 hukata, na kule kukata ndiko kunakoamuru feni izunguke. Kwa hiyo ufunguo ukiwa ON, chomoa soketi ya swichi hiyo. Feni ikizunguka, basi fyuzi, rilei na mota ni vizima, na mwenye kosa ni swichi au maji yasiyoifikia. Isipozunguka, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota, ikikataa, umeipata. Fundi asikufungie feni ya kuzunguka muda wote kwa swichi ya kuwashia taa ndani ya gari. Siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku utakayobadilisha hedi.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kuliko kinavyostahili. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, lakini Mbeya au Nairobi, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Kifuniko kizima kinachoshika presha ya takriban 0.9 bar hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 118 kwenye usawa wa bahari, na hata milimani hukiacha juu ya 110. Kifuniko kilichochoka kinakunyima nyuzi zote hizo.

Mimi nililijua hilo nikipandisha Kitonga kuelekea Iringa. Mshale ulipanda nilipofika katikati ya mlima, ukashuka nilipopumzika, ukapanda tena. Gereji ya kwanza niliyofika iliniambia kwamba gasketi ya hedi imeungua na hedi lazima ishuke. Niliomba gari lilale mpaka lipoe kabisa. Asubuhi nilifungua kifuniko, nikakigeuza juani: mpira wake wa ndani ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, uliozunguka karibu nusu ya duara, na springi yake ilibonyea kwa kidole gumba bila kupinga. Ndani ya chupa ya akiba maji yalikuwa yamefurika, huku rejeta yenyewe ikiwa pungufu kwa kiasi cha glasi mbili. Nilinunua kifuniko kipya chenye kiwango kilekile, nikajaza maji, nikaendelea na safari hadi Makambako na kurudi. Hedi ile haijafunguliwa mpaka leo.

Sisemi kwamba gasketi haiungui. Inaungua, na ina ushahidi wake: mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini iliyolala, mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, kifuniko kikiwa kimeondolewa tangu ikiwa ya baridi, oili inakuwa kama maziwa yenye kahawa, au moshi mweupe mzito unaendelea kutoka kwenye ekzosi hata injini ikishapata joto, na maji yanapungua bila kuonekana yanakomwagika. Ukiona mojawapo ya hayo, hedi ishushwe na ipelekwe kwa mwenye mashine ikapimwe unyoofu kabla ya kurudishwa. Fundi anayetaka kurudisha hedi bila kuipima, hata kama gasketi ni mpya na halisi, atakurudisha gereji.

Neno moja kuhusu thermostati, kwa kuwa desturi ya kuing'oa imeenea sana kwetu. Thermostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na bila hiyo injini haifiki joto lake safarini. Sensa ya joto la maji huiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, kompyuta inaongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba Starlet inakula mafuta. Ichemshe ile ya zamani ndani ya sufuria ya maji. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua mpya, wala usiache tundu wazi. Na tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ndiyo yanayopatikana mitaa mingi ya Dar es Salaam, hula alumini ya hedi pole pole kuanzia kwenye njia za maji.

Inamisi, inazima, au haina nguvu

Kabla ya kufungua chochote, iulize kompyuta. Ndani ya chumba cha injini kuna boksi dogo la plastiki lililoandikwa DIAGNOSIS, na upande wa ndani wa kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, zima kiyoyozi, usikanyage mafuta, fungua ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, na uangalie taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. La sivyo, itapepesa tarakimu ya makumi, isubiri kidogo, kisha tarakimu ya mamoja: mipepeso miwili, kituo, mipepeso miwili tena, hiyo ni 22. Fanya kazi hii jioni au kivulini, kwa sababu mchana taa haionekani vizuri na ni rahisi kuhesabu vibaya.

Namba zinazoonekana sana ni hizi: 12 na 13 huhusu ishara ya mzunguko wa injini, kwa kawaida kutoka kwenye distribyuta, 14 ni ishara ya cheche, 21 sensa ya oksijeni, 22 sensa ya joto la maji, 24 sensa ya joto la hewa, 31 sensa ya presha ya hewa inayoingia, 41 sensa ya mlango wa hewa (ule unaofunguka ukikanyaga mafuta), na 42 sensa ya mwendo. Namba inataja njia nzima ya umeme, yaani sensa, soketi na waya. Kwa hiyo 22 haimaanishi ununue sensa. Ichomoe, ipime kwa multimita: kwenye nyuzi 20 isome takriban omu 2,000 hadi 3,000, na ukiitumbukiza ncha yake ndani ya kikombe cha maji yenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Ikishuka hivyo, sensa ni nzima, nenda kwenye waya. Ukimaliza kurekebisha, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike, kisha soma upya baada ya kuendesha.

Kuna makosa ambayo kompyuta hii haiyaoni. Mpira mwembamba unaopeleka hewa kwenye sensa ya presha ukipasuka, sensa bado inatoa ishara, ila ni ishara ya uongo, na injini inamwagiwa petroli: moshi mweusi, harufu kali, silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inayopanda na kushuka. Taa inaweza isiwake. Uchomoe mpira huo, uukunje kila sehemu, na ukiona ufa hata mmoja nunua futi moja ya mpira mpya wa kipenyo kilekile.

Kumisi kwenyewe, ile hali ya injini kukatakata hasa ukipanda mlima, huanza mara nyingi kwenye plagi na waya zake. Zing'oe waya uzipime. Kila mmoja usizidi omu 25,000. Angalia pia ndani ya mashimo ya plagi. Gasketi ya kava ya vali ikizeeka, oili hushuka ndani ya mashimo hayo na kuloweka mipira ya waya, na cheche hupita njia ya pembeni. Ukikuta oili humo, badilisha gasketi ya kava pamoja na ringi za mashimo. Kusafisha peke yake hakudumu wiki.

Injini inayozima unapofika kwenye taa za barabarani au unapowasha kiyoyozi, lakini inatembea vizuri, kwa kawaida ina uchafu kwenye mlango wa hewa na kwenye vali ya silensa iliyo chini yake. Vishushe, visafishe kwa dawa ya kabureta na mswaki laini, urudishe kwa gasketi mpya. Usiguse skrubu ya kikomo cha mlango wa hewa ili kupandisha silensa kwa nguvu, kwa kuwa ukifanya hivyo unaivuruga na sensa ya mlango huo, na umeongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Inakula oili

Tazama rangi na wakati wa moshi. Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi asubuhi, au baada ya kukaa silensa kwa muda mrefu, ni sili za vali. Hizo hubadilishwa, na injini inabaki na maisha marefu. Moshi wa buluu unaoongezeka kila unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Thibitisha kwa kupima kompresheni: tofauti kati ya silinda isizidi paundi 15 kwa inchi ya mraba. Silinda iliyo chini ukiitia kijiko kimoja cha oili, na kipimo kikapanda, ni ringi. Kisipopanda, ni vali au gasketi. Kama hakuna moshi kabisa na oili inapungua, lala chini ya gari uangalie oili sili za krenki, sehemu ya distribyuta na kava ya vali, kwa sababu inavuja.

Miguu na breki

Mlio wa "ka-ka-ka" unapokata kona kali ni jointi ya nje ya shafti, na karibu siku zote mpira wake ulikuwa umechanika miezi kadhaa kabla. Mvumo unaokua kwa kadiri ya mwendo ni beringi ya tairi. Ukikata kushoto mvumo ukazidi, shuku ya kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko. Stelingi ikitikisika kwenye mwendo wa 80 hadi 100 peleka tairi balansi; ikitikisika unapokanyaga breki tu, diski zimepinda.

Kwenye breki sikubali kubahatisha hata kidogo. Pedali laini inayokuwa ngumu ukiipampu ina hewa ndani. Pedali inayozama pole pole mguu ukiwa umeikandamiza ina silinda kuu iliyochoka, na gari hilo lisitoke hapo lilipo. Gari likivuta upande mmoja, kagua pini za kalipa ya upande wa pili kama zimeshika kutu. Nyuma, ambako kuna ngoma, vua tairi na ngoma na uvute mpira wa silinda ndogo: unyevu wowote chini yake ni fluidi inayovuja, na breki shuu zilizolowa fluidi hazisafishwi kwa petroli zikarudishwa, zinabadilishwa za pande zote mbili. Fluidi yenyewe hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hali ya hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, ukianzia tairi lililo mbali zaidi na silinda kuu.